Uwanja wa Mazoezi Haukatwi Utepe: Historia Fupi Kutoka Nchi ya Chai

Leo tunaongea historia, lakini ya kitu ambacho ni wachache hukiandikia kitabu: kiwanja cha mazoezi. Sisemi kile cha fainali, chenye bendera na wageni waheshimiwa. Nasema kile ambacho saa kumi na mbili asubuhi kina umande, ng'ombe wawili wamefungwa pembeni, na msichana mmoja anazunguka raundi ya kumi na tano peke yake.

Hoja yangu naiweka mapema ndio usiseme nilikuzungusha. Hapa kwetu Kericho na Bomet, na Kenya kwa jumla, pesa ya viwanja huja mbio wakati kuna sherehe. Medali nazo hutoka kwa mazoezi. Hivyo vitu viwili tumevichanganya kwa muda mrefu, na wanaoumia ni vijana ambao hawana shule, hawana kazi, na wana miguu tu.

Tuanze mbali kidogo, Marekani, kwa sababu kule kuna mfano mzuri sana. Kuna mchezo wao wa besiboli. Timu kubwa za ligi yao ni 30, na kila mwaka kati ya Februari na Machi, kabla ligi ianze, zote huenda kufanya mazoezi kwenye jua, nyingi zikitoka miji yenye baridi na theluji. Timu 15 huenda Florida, na mechi zao za kujipima nguvu wanaziita Grapefruit League, yaani ligi ya balungi, kwa sababu Florida ni nchi ya matunda hayo. Timu zingine 15 huenda Arizona, na yao inaitwa Cactus League, ligi ya dungusi kakati, kwa sababu kule ni jangwa. Enyewe kama ingekuwa kwetu ingeitwa Ligi ya Majani Chai.

Viwanja vyenyewe vina umbo lake. Ule mkubwa una viti elfu chache tu, mara nyingi visifike hata robo ya viti vya uwanja wa ligi. Nyuma ya eneo la kuchezea kuna mteremko wa nyasi ambapo watu hutandika shuka na kukaa na watoto. Pembeni kuna viwanja vingine vitano au sita visivyo na viti, vya kurudia jambo lilelile asubuhi nzima. Kuna vizimba vya nyavu vya kujifunza kupiga mpira. Na kuna uzio mfupi ambapo mtoto anaweza kumfikia mchezaji mkubwa akamwomba sahihi. Mji mzima hupanga hoteli, mikahawa na teksi zake kufuatana na hizo wiki sita. Watu hulipa nauli ya ndege kwenda kuangalia mazoezi! Fikiria hiyo kidogo.

Historia yake pia iko na uzito. Hi Corbett Field pale Tucson, Arizona, ndipo timu ya Cleveland ilianza kufanyia mazoezi mwaka 1947. Ikakaa mpaka 1992. Florida nako, Machi 1946, Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyekuwa anajaribu kuingia mchezo wa wazungu, aliruhusiwa kucheza kwenye kiwanja cha Daytona Beach wakati miji mingine ya jimbo hilohilo ilimkatalia. Kiwanja hicho leo kina jina lake. Miaka miwili baadaye, timu yake ya Dodgers ikachukua kambi ya zamani ya jeshi la wanamaji pale Vero Beach, ikaigeuza kijiji cha mazoezi kilichoitwa Dodgertown. Humo ndani weusi na weupe waliweza kulala na kula pamoja wakati nje ya geti sheria ilikuwa inawatenganisha. Uwanja wao, Holman Stadium, ulifunguliwa mwaka 1953. Ulikuwa mdogo na wa kawaida, hata mahali wachezaji walipokaa hapakuwa na paa. Dodgers waliondoka baada ya msimu wa 2008 wakaenda Arizona, lakini kambi ile haikugeuzwa shamba la nyumba za kupangisha. Bado ni mahali pa mazoezi, na imepewa jina la Robinson.

Nimeeleza hayo yote kwa sababu moja. Kule wameelewa kwamba mahali pa mazoezi ni mali. Pana historia yake, pana biashara yake, na pana heshima yake.

Sasa turudi nyumbani.

Mji wa Kericho uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, asubuhi ni baridi, na mchana mvua inakuja kama mtu ana deni nayo. Mvua ya mawe pia, maana hizi sehemu zetu na Nandi Hills ni kati ya zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Majani chai hupenda mvua. Mkimbiaji hupenda mwinuko. Ndio maana ardhi moja imetoa vyote viwili.

Kampuni za chai ziliingia kwa nguvu miaka ya 1920. Brooke Bond, na ile iliyokuja kujulikana kama Finlays, zilipata ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai waliondolewa. Kesi ya hiyo ardhi haijaisha mpaka leo. Iko mpaka Umoja wa Mataifa. Kwa hivyo ukisikia mtu anaongea juu ya "mandhari nzuri ya kijani" kumbuka kuna mtu babu yake alifukuzwa hapo ndio mandhari ikawa nzuri.

Ndani ya mashamba hayo kulijengwa kambi za wafanyakazi, na kwenye kambi kukawa na zahanati, shule, ukumbi, na kiwanja. Wakubwa walikuwa na klabu na gofu yao. Wafanyakazi walikuwa na mpira. Vile viwanja vya kambi, vyenye nyasi fupi na chai imezunguka pande zote kama ukuta, ndivyo viwanja vya kwanza ambavyo wengi wetu tulivijua. Mashindano ya kambi kwa kambi yaliwafanya watu wajaze kando ya uwanja Jumapili. Hakukuwa na jukwaa. Ulisimama kwenye mteremko wa nyasi, kama wale wa Florida, bila shuka.

Kwa riadha, serikali ya kikoloni iliisukuma kupitia shule, jeshi, polisi na magereza. Chama cha riadha cha Kenya kilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1954 Wakenya wakaenda Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Vancouver, na mwaka 1956 Olimpiki ya Melbourne. Nyandika Maiyoro, jirani yetu wa Kisii, alikuwa kati ya hao wa kwanza. Ila medali ya Olimpiki ilikuwa bado.

Aliyeileta alitoka Kericho. Wilson Kiprugut Chumo, mwanajeshi, mbio za mita 800, Tokyo, Oktoba 1964. Kenya ilikuwa haijamaliza hata mwaka mmoja wa uhuru. Peter Snell wa New Zealand alichukua dhahabu, Bill Crothers wa Kanada akachukua fedha, na Kiprugut akachukua shaba kwa dakika 1:45.9. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki, wadau. Ya kwanza kabisa. Kabla ya Kipchoge Keino, kabla ya Naftali Temu, kabla ya jina lolote unalolijua.

Mwaka 1965 akashinda mita 400 na 800 kwenye Michezo ya Afrika kule Brazzaville. Mwaka 1968, Mexico City, ambako mwinuko ni zaidi ya mita 2,200, alitoka mbele, akaongoza, na Ralph Doubell wa Australia akampita kwenye mita za mwisho. Kiprugut akapata fedha. Tofauti yao ilikuwa chini ya robo sekunde, na ilibidi Doubell afikie rekodi ya dunia ndio amshinde. Mzee wetu alifariki Novemba 2022.

Sasa niulize: mtu kama huyu alitengenezwa na uwanja gani? Hakukuwa na tartani Kericho. Kulikuwa na njia za udongo, viwanja vya shule vilivyochorwa mistari kwa majivu ama chokaa, na baadaye nidhamu ya jeshi. Kiwanja chake kilikuwa wilaya nzima. Watu hupenda kuitumia hiyo kama hoja kwamba hatuhitaji viwanja. "Kiprugut alikuwa na nini?" Kiprugut alikuwa na jeshi. Alikuwa na chakula, kitanda, kocha, viatu, na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kijana wa leo wa Litein ama Sigor hana hivyo. Anachoweza kupewa na kaunti yake kwa urahisi ni mahali pa kukimbilia penye geti wazi.

Hapo ndipo Kericho Green Stadium inaingia. Uko mjini, na wengi wa rika langu tunaujua kwa sababu ya Zoo FC. Zoo ilipanda ligi kuu ya Kenya mwaka 2017, na kwa mara ya kwanza Gor Mahia na AFC Leopards zikawa zinakuja kwetu badala ya sisi kuzitazama kwa runinga. Ilikuwa raha bana. Halafu mwaka 2021 FIFA ikaitoa Zoo kwenye ligi kuu kwa kesi ya kupanga matokeo. Hivyo ndivyo ndoto ya mji mzima ilivyozimika, kwa barua kutoka ofisi ya mbali.

Kisha ikaja Oktoba 20, 2023. Sherehe za kitaifa za Mashujaa zikafanyiwa Kericho, na ajenda kubwa ya siku hiyo ilikuwa afya kwa wote. Kabla ya hapo, ukarabati ulifanywa mbio mbio ndio uwanja uwe tayari kwa wageni. Sikatai, ni jambo zuri. Kila mwaka sherehe za Madaraka na Mashujaa zinapozungushwa kwenye kaunti, kaunti husika hupata uwanja. Mwaka 2024 Madaraka ilikuwa Bungoma, mwaka 2025 ikawa Homa Bay. Lakini angalia kalenda inasema nini. Inasema kwamba kinachoamua uwanja ujengwe lini, na uanze na sehemu gani, ni siku ya rais kuja. Jukwaa la wageni lazima liwe tayari. Barabara ya kuingilia msafara lazima iwe tayari. Mfereji wa kutoa maji kwenye njia ya mbio hauonekani kwa runinga.

Ukitaka kujua mambo yakiharibika yanaharibika namna gani, panda mpaka Iten, kaunti ya Elgeyo Marakwet. Kule kuna Kamariny, na kama Kenya ina kitu kinachofanana na zile kambi za besiboli, ni Iten. Mji uko karibu mita 2,400, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio. Wanariadha wa Ulaya hukimbia majira yao ya baridi na kuja kukaa huko wiki kadhaa. Mo Farah alifanyia mazoezi huko. Lornah Kiplagat alijenga kituo cha mazoezi kinachopokea wageni kutoka nchi nyingi. Watu hulipa nauli ya ndege kuja kuangalia na kufanya mazoezi, vilevile kama Florida.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na Kamariny: uwanja wa zama za ukoloni, njia ya mita 400 ya murram, mnara wa mbao wa watazamaji, nyasi, kondoo. Basi. Asubuhi za mazoezi ya kasi ungewakuta mabingwa wa dunia na vijana wasiojulikana kwenye vumbi moja. Geti halikuwa na maana. Ungeweza kuwa umetoroka shule jana, leo uko nyuma ya bingwa wa Boston unajaribu kushika kasi yake raundi mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa thamani ya Kamariny, na haikuwa kwa saruji.

David Rudisha ni mfano wa kutuuma sisi. Yeye ni wa Kilgoris, jirani kabisa na Bomet. Alipoonekana ana kipaji, alienda kufinyangwa Iten chini ya Brother Colm O'Connell, yule mwalimu wa Ireland aliyefika St Patrick's mwaka 1976. Mwaka 2012, London, akakimbia mita 800 kwa 1:40.91, rekodi ya dunia. Ni mbio zilezile za Kiprugut. Kericho ndiyo iliyofungua mlango wa mita 800 mwaka 1964, lakini miaka arobaini baadaye mtoto wa upande wetu alilazimika kuhama ndio apate mahali pa kuzikimbia.

Halafu wakaja kuboresha Kamariny. Mradi wa serikali wa kuufanya uwanja wa kisasa ulianza miaka ya 2010 ikienda mwisho. Njia ya murram ikachimbwa, ukafungwa, na kazi ikakwama. Miaka zaidi ya mitano wanariadha hawakuwa na kipya wala cha zamani. Wengine wakashuka Tambach kwenye murram ya huko, wengine wakalipa kuingia tartani ya watu binafsi, wengine wakabaki barabarani na malori. Uwanja uliovumilia miongo sita ya mvua ulimalizwa na uboreshaji.

Hiyo ndiyo hofu yangu kwetu. Mpango wa uwanja mkubwa ukitangazwa Bomet ama Kericho, watu hupiga makofi kwa idadi ya viti. Mimi ningependa tuulize maswali ya mkimbiaji. Njia ina mita 400 kamili? Mistari ina upana wa mita 1.22 kama sheria ya riadha inavyotaka? Kuna mitaro ya maji chini na pembeni? Tartani ni nzuri kwa kasi lakini ni ghali kuweka na ghali kutunza, je, kuna hata njia moja ya murram pembeni kwa wale wa mbio ndefu wanaotaka kulinda magoti? Geti linafunguliwa saa ngapi? Maana kama ni saa mbili, mazoezi yameisha. Kuna maji ya kunywa? Kuna choo cha wasichana chenye mlango unaofungika?

Hayo maswali hayahitaji digrii. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, sasa naishi kwa simu na bando. Kazi yangu ni kuzunguka nikirekodi watu wakifanya kitu. Na nakwambia, mara nyingi nikitaka kurekodi wakimbiaji kwenye uwanja wa umma fulani nimeambiwa na askari nilete barua. Wakimbiaji wenyewe waliambiwa walete barua. Tukaenda barabarani wote, wao na jasho, mimi na bodaboda nyuma yao.

Viwanja vya kambi za chai navyo viko kwenye hali ya kutojulikana. Mashine za kuchuma chai zimepunguza wafanyakazi, na mnakumbuka Mei 2023 maandamano yalivyokuwa mpaka mashine zikachomwa na damu ikamwagika. Mashamba pia yamebadilisha mikono. Yale ya Finlays na yale yaliyokuwa ya Brooke Bond, baadaye Unilever, yamenunuliwa na kampuni ya Browns kutoka Sri Lanka. Kambi ikibaki tupu, kiwanja chake hubaki na nani? Kwenye ramani ni ardhi ya shamba. Kwenye kumbukumbu ni mahali wazee wetu walicheza miaka sitini. Nikiwa mwakilishi wa wadi, ningeanza hapo: kukaa na kampuni, kuorodhesha viwanja vyote vya kambi na vya shule, na kuomba vichache viachwe wazi kwa umma. Pesa ya jukwaa moja la wageni inaweza kusawazisha viwanja vingi vya namna hiyo na kuchimba mitaro yake.

Na usiniambie hakuna atakayevitumia. Londiani, ndani ya kaunti hii ya Kericho, kuna kambi ya mazoezi inaitwa Lemotit. Hakuna watalii wengi huko, hakuna mabango makubwa. Beatrice Chebet, mzaliwa wa Kericho, amefanyia mazoezi huko. Mei 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, kwa 28:54.14. Agosti hiyo Paris akachukua dhahabu mbili, mita 5,000 na 10,000. Julai 2025 akawa mwanamke wa kwanza chini ya dakika 14 kwa mita 5,000. Septemba 2025 akachukua dhahabu mbili tena kwenye mashindano ya dunia.

Na hayo mashindano ya dunia yalikuwa wapi? Tokyo. Uwanja wa taifa wa Japani uliojengwa upya na kukamilika mwaka 2019, mahali palepale uwanja wa 1964 ulipokuwa. Wajapani walibomoa wakamaliza kujenga. Kwa hivyo ardhi ambayo Kiprugut alichukua shaba ya kwanza ya Kenya ndiyo ardhi ambayo Chebet alichukua dhahabu mbili miaka 61 baadaye. Kericho imeenda Tokyo mara mbili na mara zote imerudi na kitu.

Jina la shujaa likiandikwa ukutani ni heshima, na Mzee Kiprugut anastahili kila ukuta. Lakini wiki hii pita kwenye uwanja ulio karibu na wewe, iwe Kericho mjini, Kapkatet, Silibwet ama kile cha shule ya msingi, kabla jua lichomoze. Angalia kama geti liko wazi na nani anakimbia. Kama limefungwa, mwulize MCA wako ufunguo uko kwa nani, na usikubali jibu la "tunangojea ukarabati."